Phalke, Saraswatibai na filamu iliyozaliwa nyumbani

SWALI: Mimi ni mhariri wa video, nipo Morogoro. Chuoni tulifundishwa kwa sentensi moja tu kwamba Dadasaheb Phalke ndiye baba wa sinema ya India. Baadaye nikasikia kuna waliomtangulia, na kwamba mkewe ndiye aliyekuwa akikata na kuunga filamu zake. Ukweli ni upi? Na kama kweli ndiye aliyeanzisha kiwanda kikubwa namna ile, kwa nini anasemwa kuwa alifariki hana kitu?

JIBU: Dada, nianze na hilo la nani alitangulia, maana ndilo linalobishaniwa sana na ndilo jepesi kulijibu.

Ndiyo, walikuwapo. Picha zinazotembea ziliingia Bombay, yaani Mumbai ya leo, tarehe 7 Julai 1896, pale filamu za ndugu wawili wa Lumière wa Ufaransa zilipoonyeshwa kwenye hoteli ya Watson, miezi michache tu baada ya Paris kuziona. Mwaka 1899 mpiga picha mmoja wa Bombay, Harishchandra Bhatavdekar, alirekodi pambano la mieleka kwa kamera yake mwenyewe. Kule Calcutta Hiralal Sen alikuwa akirekodi vipande vya michezo ya jukwaani. Ghala lake liliungua mwaka 1917 na kazi zake zikateketea, ndiyo maana leo tunamtaja kwa jina tu. Na tarehe 18 Mei 1912, karibu mwaka mzima kabla ya filamu ya Phalke, ukumbi wa Coronation mtaa wa Girgaum ulionyesha Shree Pundalik ya Dadasaheb Torne. Wapo wanaosema hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Kihindi, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Mimi bado namwita Phalke baba, na sababu yangu haitokani na kalenda. Pundalik ulikuwa mchezo wa jukwaani uliowekewa kamera mbele yake. Mpiga kamera alitoka Uingereza, na mkanda ukapelekwa London kusafishwa. Phalke aliandika hadithi kwa ajili ya kamera, akaiongoza, akamfundisha rafiki yake Trimbak Telang kuzungusha mkono wa kamera, kisha mkanda ukatobolewa, ukasafishwa, ukakatwa, ukaungwa na kuchapwa nakala papo hapo Bombay, na watu wa Bombay. Hakuna hatua hata moja iliyovuka bahari. Hapo ndipo kiwanda kilipoanzia, na neno kiwanda nalitumia kwa maana yake kamili, kama utakavyoona.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe. Husimuliwa mara nyingi kana kwamba alikuwa mtu wa kawaida aliyeingia sinema siku moja, akapagawa, akaacha yote akawa mwongozaji. Nusu ya habari hiyo ni kweli. Nusu iliyobaki inawadanganya vijana wanaotaka kuifuata njia yake. Phalke alipoiona filamu iliyomgeuza alikuwa anakaribia miaka 41, na kufikia hapo alikwishajifunza takribani kila ufundi ambao sinema ingekuja kumdai.

Jina lake kamili ni Dhundiraj Govind Phalke. Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1870 huko Trimbak, mji wa mahujaji karibu na Nashik. Baba yake alikuwa mwanazuoni wa Kisanskriti, na alipopata kazi ya kufundisha chuo cha Wilson familia ikahamia Bombay. Mwaka 1885 kijana akaingia shule ya sanaa ya J. J. kujifunza kuchora. Kutoka hapo akaenda Kala Bhavan, Baroda, akasoma rangi za mafuta, usanifu wa majengo, uchongaji wa sanamu na upigaji wa picha za mnato. Akafungua studio ya picha Godhra.  Kisha ikaja tauni, ikamchukua mkewe wa kwanza na mtoto wao. Akarudi Baroda kufanya kazi hiyo hiyo ya picha, lakini biashara haikwenda, kwa sababu wenyeji wengi waliamini kamera humnyonya mtu uhai.

Baada ya msiba huo alishika kila kazi iliyompitia mbele. Alichora mapazia ya majukwaa ya maigizo. Alijifunza mazingaombwe, akawa anawachezea watu kwa jina la Profesa Kelpha. Mwaka 1903 akaajiriwa na idara ya serikali ya mambo ya kale kama mpiga picha na mchoraji. Alijiuzulu wakati vuguvugu la Swadeshi limepamba moto, watu wakihimizana kuacha bidhaa za Kiingereza na kutengeneza vyao, akaingia kwenye uchapaji. Humo ndimo alimofanya kazi ya kuandaa picha za Raja Ravi Varma kwa ajili ya kuchapwa. Ravi Varma ndiye mchoraji ambaye miungu yake, iliyochapwa kwa rangi kwa maelfu, ilikuwa imetundikwa kwenye kuta za nyumba za India nzima. Ukitazama filamu za Phalke na ukaona jinsi mungu anavyosimama, anavyoinua mkono, jinsi nuru inavyomzunguka, ujue watazamaji wa wakati ule walikuwa wanaiona picha ya ukutani kwao imeanza kutembea. Hilo peke yake linaeleza nusu ya mafanikio yake.

Mwaka 1909 alikwenda Ujerumani kwa ajili ya mitambo ya kuchapa rangi. Aliporudi kazi ikanoga, lakini akakosana na wabia wake, akaondoka bila hata kugeuka nyuma. Lishike hilo la wabia, dada, maana limo ndani ya jibu la swali lako la mwisho.

Basi, ni katika kipindi hicho cha kukaa bila kazi, siku za Pasaka mwaka 1911, ndipo alipoingia kwenye hema la sinema Girgaum na kuona filamu ya maisha ya Yesu. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba macho yake yalikuwa yanamtazama Kristo lakini akilini alikuwa anawaona Krishna na Rama, miungu ya Wahindu, na akajiuliza kama kweli Wahindi wangeweza siku moja kujiona wenyewe kwenye kitambaa kile. Miezi iliyofuata alikwenda sinema karibu kila siku. Alijikondesha, hakulala, na macho yakamuuma hadi akapoteza kuona kwa muda. Daktari akayaokoa kwa tiba na miwani.

Fedha hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni bima ya maisha, nayo akaiweka rehani akakopeshwa rupia 10,000. Kwa hizo akapanda meli kwenda London Februari 1912. Hakujuana na mtu huko. Aliingia tu kwenye ofisi ya jarida la Bioscope, akajieleza kwa mhariri, Cabourn, ambaye kwanza alimwonya kwamba watayarishaji wa Uingereza wenyewe wanafilisika, kisha akampeleka kwa Cecil Hepworth, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa filamu wa nchi ile. Hepworth akamfungulia milango ya studio yake ya Walton. Phalke akanunua kamera ya Williamson, akaagiza mashine ya kutobolea na filamu ghafi ya Kodak, na tarehe 1 Aprili 1912 alikuwa amekwisharudi nyumbani.

Hapa ndipo swali lako la pili linapopata jibu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi hupita mbio.

Mkewe wa pili alimwoa mwaka 1902. Jina lake la kuzaliwa ni Girija. Kwa mumewe akaitwa Saraswati, na watu wote wakamfahamu kama Saraswatibai. Vifaa vilipowasili, Phalke alijenga chumba cha giza ndani ya nyumba yao ya Dadar, na mtu wa kwanza kufundishwa kazi naye alikuwa Saraswatibai. Filamu ghafi ya siku zile ilikuja bila matundu ya pembeni. Kila futi ilibidi ipitishwe kwenye mashine ya mkono, gizani, kwa kupapasa tu, maana mwanga kidogo unaiua. Wewe ni mhariri, hebu tupige hesabu pamoja. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, na kila fremu ina matundu manne kila upande, yaani matundu 64 kwa futi kwa upande mmoja. Raja Harishchandra ilikuwa na urefu wa futi 3,700 hivi. Hiyo ni zaidi ya matundu 236,000 kila upande, na hapo hujaweka shoti zilizoharibika wala nakala za kuonyeshea. Kazi hii ilifanyika usiku, watoto wamelala, chakula cha kikosi kizima kimekwishapikwa na vyombo vimekwishaoshwa. Na tundu likikaa kombo kidogo, picha inaruka kwenye kitambaa. Hakukuwa na kitufe cha kurudisha nyuma.

Ndiye pia aliyechanganya dawa za kusafishia. Ndiye aliyesimama juani na shuka jeupe kuwarudishia waigizaji mwanga usoni, maana taa za kupigia filamu hawakuwa nazo. Wakati mtaji ulipokauka, vito vyake ndivyo vilivyokwenda rehani. Na ndiyo, alishiriki kukata na kuunga. Je, tumwite mhariri? Wapo wanaomtaja kuwa mhariri wa kwanza wa kike wa filamu India, na mimi sioni sababu ya kuwapinga. Jambo moja tu la kuzingatia ni kwamba wakati ule cheo hicho hakikuwapo kwa mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke. Kulikuwa na meza, mkasi, gundi na watu wawili. Ni haki kusema kazi ile ilikuwa ya wote wawili, na ni dhuluma kumtaja mmoja. Kwa hiyo ukifundisha siku moja, usiliseme hili kama ziada ya kufurahisha darasa. Liseme ukiwa bado kwenye sentensi ya kwanza.

Kabla ya kuanza filamu yenyewe, Phalke alihitaji kuwashawishi wenye fedha, na njia aliyoitumia bado inanistaajabisha. Alipanda mbegu ya njegere kwenye chungu, akaiwekea kamera mbele, akaipiga picha siku baada ya siku kwa zaidi ya mwezi. Akairusha kitambaani, na mche ukaota, ukainuka na kutambaa mbele ya macho ya watu kwa dakika moja. Mkopeshaji hakuhitaji maelezo zaidi. Wewe leo ungeiita taimulapsi; yeye alikuwa hajawahi kusikia neno kama hilo.

Hadithi aliyochagua ni ya mfalme Harishchandra, asiyesema uongo hata akipoteza kila kitu. Kwa sababu ya ahadi aliyompa mwenye hekima Vishwamitra anautoa ufalme, anamuuza mkewe Taramati na mwanawe, na mwenyewe anaishia kufanya kazi kwenye uwanja wa kuchomea maiti. Hakuna Mhindu asiyeijua. Filamu haikuwa na sauti, na wengi wa watazamaji hawakujua kusoma, kwa hiyo hadithi ambayo kila mtu anayo moyoni ilikuwa nusu ya kazi.

Kumpata Taramati kulimtoa jasho. Kuigiza kulihesabiwa kuwa fedheha kwa mwanamke, na kwenye filamu ndiyo zaidi. Hata wanawake wa madanguro waliofuatwa walikataa au hawakukaa. Mwishowe Phalke alimwona kijana mmoja kwenye mgahawa wa mtaa wa Grant, Anna Salunke, mwenye umbo jembamba na vidole laini. Pale mgahawani alikuwa akilipwa rupia 10 kwa mwezi. Phalke akampa 15. Rupia hizo ni za India, ambazo Unguja nayo ilikuwa ikizitumia miaka ile, kwa hiyo mababu zetu wa pwani wangezielewa bila kubadilisha. Mfalme akachezwa na Dattatraya Dabke, na mtoto wa mfalme akachezwa na Bhalchandra, mwana mkubwa wa Phalke mwenyewe.

Waigizaji waliambiwa wakiulizwa wanafanya kazi wapi wajibu kwamba wameajiriwa kwenye kiwanda cha Harishchandra. Mtu wa kiwandani alikuwa na heshima yake. Mtu wa filamu hakuwa nayo. Wote walikula pamoja na kukaa pamoja, jikoni mwa Saraswatibai, na wanaume wenye kuigiza wanawake walizoezwa kutembea na sari na kushika kazi za ndani mpaka mwili uzoee.

Kuna kisa cha kijiji cha Wangani, walikokwenda kupiga picha za nje. Wanakijiji waliona kundi la wanaume wenye mapanga na mikuki limepiga kambi, wakaamini ni majambazi, na mkuu wa kijiji akaita polisi. Kikosi kizima kikakamatwa. Phalke akafika, akaifungua kamera, akawapanga waigizaji wake, akawaigizia polisi upigaji mzima bila mkanda ndani. Wakaachiwa. Huko huko Wangani Bhalchandra alianguka akicheza, akajigonga kichwa kwenye jiwe, akazirai. Watu walimsihi Phalke amrudishe mtoto mjini. Husimuliwa kwamba alimpa huduma ya kwanza, kisha, kwa kuwa onyesho lililobaki lilikuwa la kifo cha mwana wa mfalme, akampiga picha vile vile alivyolala. Sifurahii kisa hicho na sitaki kukipaka rangi. Lakini ukitaka kujua mtu huyu alikuwa wa namna gani, kimo humo kila kitu: ustadi, ushujaa, na kitu kingine ambacho mwanafamilia yeyote angekiogopa.

Kazi ilichukua miezi sita na siku 27. Walioalikwa waliiona tarehe 21 Aprili 1913 katika ukumbi wa Olympia, na tarehe 3 Mei 1913 umma ukafunguliwa milango pale Coronation. Ilionyeshwa ndani ya programu moja na wacheza dansi na mwanasarakasi wa kurusha vitu kwa miguu, kwani watu hawakuwa wamezoea kulipa kwa ajili ya filamu peke yake. Ilijaza ukumbi, ikabidi siku za maonyesho ziongezwe.

Kutoka hapo akahamia Nashik, familia na kiwanda chake vyote pamoja. Filamu yake ya pili, Mohini Bhasmasur, ndiyo iliyowaleta wanawake mbele ya kamera: Durgabai Kamat, mwigizaji wa jukwaani, na binti yake Kamlabai. Mwaka 1914 akazipeleka filamu zake London, zikasifiwa kwa ufundi, na akashawishiwa kubaki afanye kazi huko. Akakataa, akasema waliomngoja nyumbani ni wafanyakazi wake. Kisha vita vikaanza, bei ya filamu ghafi ikapanda, wakopeshaji wakafunga mifuko, na miaka mitatu ikapita ya kuhangaika.

Lanka Dahan ya mwaka 1917 ikamaliza dhiki hiyo. Ni kisa cha Hanuman, mungu wa Wahindu mwenye umbo la nyani, kuuteketeza mji wa Lanka, na Salunke aliigiza Rama na Sita wote wawili, mume na mke kwa mwili mmoja. Watu walivua viatu Rama alipotokea kitambaani. Maonyesho yalianza asubuhi na kwenda hadi usiku wa manane. Bombay peke yake iliingiza rupia 32,000 kwa siku kumi, na inasimuliwa kwamba Madras mapato yalibebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe ukilindwa na polisi, kwa sababu yote yalikuwa sarafu. Zipime hizo na zile rupia 15 za mshahara wa Salunke miaka michache nyuma, ndipo utajua ni kitu gani kilikuwa kimezaliwa.

Fedha za namna hiyo haziachi kuvuta watu. Mwaka 1918 Phalke akaingia ubia na wafanyabiashara wa Bombay, ikaundwa Hindustan Cinema Films Company. Kwa juu juu alipata alichokitaka: mtaji wa uhakika, asihangaike tena na rehani. Na kazi mbili za mwanzo za kampuni hiyo ni miongoni mwa bora zake. Shri Krishna Janma ina onyesho la mfalme mwovu Kansa akijiona kichwa chake kimekatika na kupaa kutoka shingoni, na hapo unamwona Profesa Kelpha yule yule, safari hii mazingaombwe yake yako ndani ya kamera. Kaliya Mardan ya 1919 ilimpa binti yake mdogo, Mandakini, nafasi ya Krishna mtoto anayepambana na joka mtoni.

Lakini mwenye fedha sasa alikuwa na kiti mezani. Wabia walitaka filamu zitoke haraka na kwa gharama ndogo. Phalke alitaka kurudia shoti mpaka iwe sawa. Kabla ya kampuni, mahesabu yake yalifanyika jikoni na mtu aliyejua kila tundu la mkanda. Baada ya kampuni yalifanyika ofisini na watu ambao hawakuwahi kuingia chumba cha giza. Haikufika miaka miwili akajiuzulu, akaenda Varanasi, akaandika mchezo wa kuigiza uitwao Rangbhoomi. Miaka michache baadaye akarudi kampuni ile ile, akaongoza filamu moja baada ya nyingine katika miaka ya 1920, nyingi ambazo leo hazipo na ambazo hata zikipatikana sidhani zitabadilisha sifa yake. Alikuwa mwajiriwa wa kitu alichokianzisha.

Tarehe 14 Machi 1931 Alam Ara ya Ardeshir Irani ikaonyeshwa Bombay, filamu ya kwanza ya India yenye sauti na nyimbo. Phalke wakati huo alikuwa katikati ya Setu Bandhan, filamu bubu. Alipoimaliza soko lilikuwa limegeuka, ikabidi ibandikwe sauti baadaye ili ionyeshwe. Filamu moja tu ya sauti aliiongoza tangu mwanzo, Gangavataran ya mwaka 1937, kwa kampuni ya Kolhapur Cinetone, akiwa na miaka 67. Hakuongoza tena. Alifariki Nashik tarehe 16 Februari 1944.

Sasa hilo la umaskini. Si kweli kwamba alitupwa kabisa: mwishoni mwa miaka ya 1930, sinema ya India ilipoadhimisha miaka 25, mwongozaji V. Shantaram aliwachangisha wenzake na Phalke akapata nyumba Nashik. Lakini kwamba hakuvuna anachostahili, hilo ni kweli tupu. Wengi husema ni sauti iliyomuua. Mimi nasema sauti ilimkuta amekwishaumia. Filamu zake zaidi ya 90, nyingi zilikuwa mali ya kampuni. Faida ya kila filamu alipokuwa peke yake aliimwaga kwenye filamu inayofuata. Hakununua majumba ya kuonyeshea wala hakushika usambazaji, wakati kampuni ya Madan ya Calcutta ilikuwa ikikusanya majumba ya sinema kila pembe na kukaa juu ya mapato yake hata filamu iwe mbovu. Aliyemiliki mlango ndiye aliyetajirika. Na tabia yake ya kukosana na wabia, ile iliyomtoa kwenye uchapaji, haikumwacha. Mara zote alikuwa na haki upande wa ufundi, na mara zote aliondoka bila karatasi inayomlinda. Nakuambia hili kwa makusudi, kwa sababu nimewaona vijana wa Bongo Movie wakiuza filamu nzima pamoja na haki zake zote kwa msambazaji, wakitia saini bila kusoma, kisha miaka mitano baadaye wanaiona inaonyeshwa kwenye runinga na hawana chao.

Serikali ya India ilianzisha tuzo kwa jina lake mwaka 1969, ikaenda kwanza kwa Devika Rani, na hadi leo ndiyo heshima ya juu kabisa ya sinema nchini mwao. Saraswatibai bado anangoja kutajwa na wengi wanaoipokea.

Mwisho, utazame nini. Kilichobaki cha Raja Harishchandra ni sehemu ya mwanzo na ya mwisho tu, na wataalamu wengine wanaamini vipande hivyo ni vya toleo alilolirudia mwaka 1917. Kwa hiyo usivitumie kama ushahidi wa jinsi alivyokata mwaka 1913. Hata hivyo mtafute pale Harishchandra anapowakuta Taramati na wajakazi wake kwenye birika la maji, wote ni wanaume wenye sari zilizoloa. Vipande hivi vimehifadhiwa kwenye hifadhi ya taifa ya filamu huko Pune, na nakala zinapatikana kwenye intaneti. Ipo pia filamu ya Kimarathi ya Paresh Mokashi ya mwaka 2009, Harishchandrachi Factory, inayomsimulia Phalke kwa furaha na kumpa Saraswatibai nafasi yake, ila inaishia kwenye mafanikio, kwa hiyo swali lako la tatu halimo.

Kwako wewe ningependekeza uanze na Kaliya Mardan, ambayo imebaki karibu yote na haifiki saa moja. Zima muziki uliobandikwa juu yake. Mwanzoni kabisa, kabla ya hadithi, Mandakini anatokea kama yeye mwenyewe, msichana wa miaka saba hivi, na anatuonyesha uso wa hasira, wa kicheko, wa woga, mmoja baada ya mwingine, kisha anabadilika mbele yetu kuwa Krishna. Tazama urefu wa kila uso kabla ya mkato. Halafu niandikie uniambie kama wewe ungekata mapema zaidi.